Kikundi kimoja, miji mitano: michezo gani inafaa watu wanaofanya kazi mbali mbali?

Mu mashariki ya Kongo, vikundi vingi vya kazi siku hizi viko na watu ambao hawajaketi ku meza moja hata siku moja. Musimamizi iko Kinshasa, muhasibu iko Bukavu, wawili wako Goma, mumoja Bunia, na yule wa kuzunguka vijiji iko Kalemie ao Baraka. Wanajuana kwa sauti, kwa jina lenye kutokea ku Zoom, na kwa mesaji za WhatsApp zenye kuanza kila mara na «Naomba ripoti». Ni hiyo tu.

Jambo hilo halikuanza jana. Tarehe 24 mwezi wa tatu 2020, serikali ilitangaza hali ya dharura juu ya korona, na biro nyingi zikatuma watu nyumbani. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, volkano Nyiragongo ililipuka. Siku tano kisha, tarehe 27, sehemu kubwa ya muji wa Goma ikaombwa kuhama, na watu wakaendelea na kazi toka Sake, Minova, Bukavu ao ng'ambo ya mupaka kule Gisenyi. Kisha mwaka 2025: mwisho wa mwezi wa kwanza Goma ikaingia mikononi mwa AFC/M23, katikati ya mwezi wa pili ikawa zamu ya Bukavu. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, banki zikafunga milango. Tangu hapo kuna mashirika, vyombo vya habari na vyama vya akiba ambavyo watu wake wamegawanyika, wamoja upande huu wa mustari wa vita, wengine upande ule.

Matokeo yanaonekana polepole. Mutu akikosea hesabu, hakuna anayemupigia kwa upole. Anaandikiwa mesaji ndefu mbele ya wote. Mwenye mutoto mugonjwa hasemi. Aliyehama nyumba mara ya tatu hasemi. Siku moja anaacha kazi, na wengine wanapata habari wakati wanaona jina lake limetoka mu kikundi.

Ndiyo maana wakubwa wa kazi wengi wanatafuta michezo. Wazo limetoka Ulaya na Marekani: kila juma ao kila mwezi, watu wa kikundi wanaacha kazi kwa dakika kumi ao makumi mbili, wanacheza pamoja ku mutandao. Lakini michezo mingi yenye inasifiwa huko ilitengenezwa kwa watu wenye umeme wa saa zote na intaneti isiyohesabiwa. Huku mega zinahesabiwa moja moja.

Je, kucheza kunasaidia kweli?

Mwaka 2021, gazeti la sayansi Nature Human Behaviour lilichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi zaidi ya 61.000 wa Microsoft kule Marekani, ukitazama miezi sita ya kwanza ya 2020. Watu walipohamia kufanyia kazi nyumbani, waliendelea kuongea sana na wale waliokuwa wanajuana nao tayari. Chenye kilipungua ni yale madaraja kati ya kikundi na kikundi. Kwa maneno mengine, wa kontabilite anabaki na wa kontabilite, wa terrain na wa terrain, na habari inakwama njiani. Kila mwenye alifanya kazi mu shirika lenye biro nne analijua hilo bila kungojea Microsoft.

Uchunguzi mwingine, wa chuo kikuu cha Brigham Young kule Marekani, ulitoka mwaka 2018. Watu wasiojuana waliwekwa mu vikundi. Vikundi vingine vikacheza muchezo wa video pamoja kwa dakika 45, kisha vyote vikapewa kazi. Waliocheza walipandisha kazi yao kwa karibu 20 kwa mia kuliko wasiocheza. Wauzaji wa michezo wanapenda sana kutaja namba hiyo. Wanasahau kusema kama watu hao walicheza wakiwa mu chumba kimoja, bega kwa bega, na walikuwa wageni mumoja kwa mwengine. Kikundi chenye kimeishi miaka mitatu na ugomvi ndani yake hakitapona juu ya dakika 45 za muchezo. Chenye muchezo unaweza kufanya ni kidogo, lakini si bure: unamupa mutu wa Bunia sababu ya kumuongelesha mutu wa Bukavu siku yenye hakuna deni la ripoti kati yao.

Bei ya kicheko

Kabla ya kuchagua muchezo, kuna hesabu ya mega. Zoom yenyewe inatangaza kama wito wa video wa watu wawili, kwa picha safi, unaomba kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na 600 kurudi. Hiyo ni karibu mega 270 kwa saa kila upande, mega 540 zote pamoja. Sauti peke yake inaomba kilobiti 60 mpaka 80, ni kusema karibu mega 54 mpaka 72 kwa saa kwenda na kurudi. Kuzima kamera kunagawa matumizi mara saba ao zaidi. Na watu wakiwa wengi ku video, namba inapanda tena.

Mega ni nusu tu ya shida. Mwezi wa pili 2021, mwalimu Jeremy Bailenson wa chuo kikuu cha Stanford alieleza sababu nne zenye zinafanya mikutano ya video ichoshe: nyuso nyingi zinakutazama karibu mno, unajiona weye mwenyewe muda wote, hauwezi kutembea, na kichwa kinafanya kazi zaidi ili kusoma alama zenye mu chumba cha kawaida zinasomeka bila nguvu. Basi mukubwa mwenye anaongeza saa nzima ya «muchezo wa kamera wazi» kisha mukutano wa saa mbili, hajapumuzisha mutu. Ameongeza mukutano wa tatu.

Kwa watu wa hapa, muchezo muzuri ni ule unaopita kwa sauti ao kwa maandiko, usioomba kila mutu awe ku rezo saa moja na wengine, na wenye mutu anaweza kuingia hata kama umeme ulirudi saa mbili za usiku.

Vitendawili ku WhatsApp

Muchezo wa namna hiyo uko tayari mu nyumba zetu, na hauombi programu yoyote. Ni kitendawili. Namna ya kuufanya ku mutandao ni hii: asubui, mutu wa zamu anatuma sauti fupi mu kikundi: «Kitendawili!» Wengine wanajibu kwa sauti: «Tega!» Anatega: «Nyumba yangu haina mulango.» Kila mutu anajaribu kwa wakati wake. Sauti ya sekunde 20 ni ndogo sana, haifiki hata mega moja, na yenye kukosa rezo asubui ataisikia jioni.

Uzuri wake unatokea wakati watu wanashindwa. Kufuatana na desturi, aliyetega anasema: «Nipeni muji.» Wanamupa: «Chukua Kalemie.» Anakataa, Kalemie ni mbali, anataka Kinshasa. Wanamupa Kinshasa. Ndipo anaanza kusimulia: nimefika Kinshasa, nimepokelewa vizuri, nimekula hiki na kile, nimeona foleni ya magari, sasa narudi na jibu: ni yai. Kwa kikundi chenye watu wake wako mu miji mitano, sehemu hiyo ya muji ni dhahabu. Mutu wa Kalemie atasikia namna mutu wa Beni anawaza muji wake, atamurekebisha, atacheka, atasema samaki wa ziwa Tanganyika hawauzwi vile. Muhasibu mwenye kila mutu alimujua kwa «hati hii haina sinyatire» anakuwa ghafla Mama fulani mwenye kusimulia safari ya uongo mpaka watu wanashika mbavu.

Kitendawili kinasaidia pia juu hakiangalii cheo. Wazee na wale waliokulia kijijini ndiyo wanashinda mara nyingi. Dereva na mulinzi, wenye mu michezo ya ordinateri wanabaki nje, huku wanakuwa mabingwa. Vijana wa muji wanashangaa. Tena kila kabila iko na vyake: mutu anaweza kutega kwa Kiswahili chenye ametafsiri toka Kinande, Mashi ao Kibembe, kisha akaeleza maana.

Karibu na hicho kuna muchezo wa maneno yenye kudanganya. Vikundi vingi vinachanganya Kiswahili, Lingala na Kifaransa, na kuna maneno yenye kufanana bila kusema kitu kimoja. Mu Lingala «moto» linaweza kuwa mutu. Mwenzake wa Kinshasa akisema «moto aye», mutu amefika; sikio la Goma linaweza kusikia kama nyumba inaungua. «Mbula» kule ni mvua na tena ni mwaka. Kila siku ya tano mutu mumoja analeta neno moja, wengine wanabuni maana kwa kura ya WhatsApp, yenye iko tangu mwisho wa 2022 na inakubali majibu mpaka 12. Kura haikuli mega, na mutu mwenye haya anaweza kucheza bila kusema neno.

Kwa wenye ordinateri na rezo nzuri

Wenye kupenda utulivu wanaweza kuchukua sataranji, yenye wengi huku wanaita esheki. Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mufaransa Thibault Duplessis, ni ya bure kabisa, haina matangazo, inaishi kwa michango. Iko na namna ya kucheza polepole ambapo kila mutu anapewa siku moja mpaka siku 14 za kufikiri kabla ya kusogeza. Hiyo inafaa mutu wa terrain mwenye anaona rezo mara moja kwa juma. Kwa wapenzi wa dame kuna ndugu yake, Lidraughts.

Skribbl ni muchezo wa kuchora na kubuni, unafunguka bila kuweka programu. Mumoja anachora ku ekra, wengine wanaandika chenye wanaona. Unakubali Kifaransa, na pia kikundi kinaweza kuingiza maneno yake: sombe, chukudu, boti ya Kivu, sambaza. Mutu mwenye anachora chukudu kwa kidole ku telefone ndogo hahitaji kuwa fundi; ubaya wa mchoro ndiyo raha yenyewe. Kahoot, yenye ilitoka Norwe mwaka 2013, ni ya maswali na majibu ya haraka, nzuri kwa kurudilia mafunzo, lakini inamuazibu mwenye rezo ya polepole, juu pointi zinafuata wepesi wa kujibu. Mutu anajua jibu, ekra inazunguka, anapata sifuri. Afadhali maswali hayo yapite kwa mesaji, na majibu yahesabiwe jioni.

Michezo ya kuacha

Kuna michezo yenye inasifiwa sana huko ngambo na hapa inaweza kuleta mashaka. Wa kwanza ni ule wa kutafuta musaliti. Uko na majina mengi: Mafia, yenye Murusi Dimitry Davidoff alibuni mu 1986, Loups-garous kwa wenye kuongea Kifaransa, ao Among Us ku telefone, yenye ilitoka 2018 na ikapata umaarufu wakati wa korona. Mutu mumoja ao wawili wanapewa kwa siri kazi ya kuua wengine. Wote wanaongea, wanashitakiana, wanapiga kura nani atolewe. Kule Stockholm ni kicheko. Mu kikundi chenye watu wake wako pande mbili za vita, ambapo kusingiziwa kuwa upande fulani kunaweza kuvunja maisha ya mutu, kuzoeza wenzako kusema «ni weye adui, nilikuona» si muchezo. Hata watu wakicheka, kuna mwenye anacheka na meno tu.

Codenames, ya Mucheki Vlaada Chvátil, ilitoka 2015, na iko ku mutandao bila kulipa, kwa Kifaransa pia. Ni muchezo wa akili, muzuri kweli kweli: mutu anatoa neno moja lenye kuunganisha maneno mengi, wenzake wanabuni. Lakini umevaa nguo za wapelelezi, na kadi moja inaitwa muuaji. Telefone yenye kufunguliwa na mutu wa silaha ku barrière, na juu yake kumeandikwa «wapelelezi wetu» na «muuaji», itamuomba mwenyewe maelezo marefu. Sheria zilezile zinaweza kuchezwa kwa karatasi na maneno ya soko: wauzaji badala ya wapelelezi, ndizi yenye kuoza badala ya muuaji. Muchezo haupoteze kitu.

Kwa sababu hiyohiyo, vikundi vinafanya vizuri kutojipa majina ya kijeshi wakati wa mashindano (Kikosi A, Operasyo fulani), na kuweka michezo mu kikundi chake peke yake, mbali na kikundi cha kazi. WhatsApp iko na namna ya kufuta mesaji zenyewe kisha saa 24, siku 7 ao siku 90. Saa 24 zinatosha kwa kitendawili.

Kisha kuna picha. «Tuonyeshe dirisha lako», «tuonyeshe njia ya kwenda ku kazi» ni michezo yenye kupendwa sana na vikundi vya Ulaya. Dirisha linaonyesha kilima, nyumba ya jirani, antene; mutu mwenye alihama kwa siri anajikuta ameonyesha mahali anakaa. Picha yenye kutumwa sawa vile dokima inaweza hata kubeba ndani yake alama za GPS za pahali ilipigwa. Kikombe cha chai, sahani ya mchana, viatu vyenye vumbi, vyote hivyo vinatosha, na vinaleta mazungumzo marefu kuliko dirisha.

«Kweli mbili na uongo moja», ambapo mutu anasema mambo matatu juu yake na wengine wanatafuta la uongo, unaweza kupita ikiwa unabaki ku chakula, muziki na shule ya zamani. Mara unaingia mu jamaa, mu asili, mu «nilikimbia mara ngapi», kiongozi anapashwa kusimamisha. Kuna watu kumi mu kikundi, na inawezekana watatu kati yao walipoteza mutu mwaka huu.

Wale wa biro na yule yuko peke yake

Shida ya vikundi vya nusu-nusu ni nyingine. Watu wanne wako mu biro ya Bunia, wamezunguka ordinateri moja, wanacheka. Mumoja iko peke yake Mahagi, anasikia kicheko bila kusikia maneno. Kwake muchezo umegeuka ukumbusho kama yeye ni wa nje. Dawa ni nyepesi, ingawa wa biro hawaipendi: mutu mumoja akiwa mbali, wote wanacheza kila mutu ku telefone yake, hata kama wameketi kiti kwa kiti. Na yule wa mbali ndiye anaanza.

Muchezo ufanyike mu saa za kazi. Wenye kuuweka saa kumi na mbili za jioni ao siku ya posho wanaomba watu watoe bure wakati wao wa jamaa, na mara nyingi ni wamama wenye wanakosa, kisha wanaonekana kama hawana moyo wa kikundi. Mega nazo zitoke ku shirika; haifai mutu alipe unite yake mwenyewe ili amufurahishe mukubwa wake. Zawadi ya mushindi inaweza kuwa mega pia, mradi zisiwe nyingi mpaka watu waanze kununiana. Mwenye hataki kucheza asiulizwe sababu mbele ya wengine. Na pale mushahara umechelewa miezi miwili, muchezo ungoje: mwaka 2025, wakati banki zilifungwa Goma na Bukavu, watu waliomba kwanza kuelezwa pesa zao zitapita njia gani, na walikuwa na haki.

Inabaki saa. Kongo iko na majira mawili: Kinshasa ikiwa 9h00, mashariki ni 10h00. Ongeza hapo saa ya Kiswahili, yenye 9h00 ni saa tatu, na mutu wa Kinshasa mwenye anatafsiri neno kwa neno anaandika «saa tisa» akiwaza asubui, wakati wa Butembo anaelewa 15h00. Mialiko mingi imepotea hivyo, wamoja wamengoja ku rezo bure, wengine wakaingia wakati wote wametoka. Afadhali mesaji iseme kwa namba, miji yote miwili: 14h00 Kinshasa, 15h00 Goma, na itumwe siku moja mbele, kabla umeme haujaenda.